Mfanyakazi mpya na miezi yake ya majaribio: mwongozo kamili kwa wenye gesti, mikahawa na maduka Lamu

Haya nayaandika kwa wenzangu wenye gesti, mikahawa, maduka na boti hapa Lamu, na nyinyi wa Malindi na Watamu pia manake biashara yetu ni moja na makosa yetu ni yale yale. Tunaajiri mtu Disemba wageni washajaa, wakati wa kumfunza hatuna, tunamwambia "uko kwa majaribio miezi mitatu" halafu tunanyamaza kimya mpaka siku ya kumthibitisha au kumtoa.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili nikisimamia gesti ya vyumba 8 Shela. Nilimchukua kijana wa hauskiping, miezi mitatu naona vyandarua havifungwi sawa, naona Jumamosi anachelewa, nanyamaza, nasema moyoni atajifunza. Siku mbili kabla ya miezi kwisha nikampa barua ya kumwachisha. Akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Sasa dada, mbona hukunambia?" Jibu sikuwa nalo. Jioni ile ile nikapishana na mamake kichochoroni, akanisalimu vizuri kabisa, akaniulizia na watoto, na hapo ndo nilipoumia zaidi.

Tangu siku hiyo nina sharti moja tu: mtu asije akasikia siku ya mwisho jambo ambalo ningeweza kumwambia wiki ya pili. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo, pamoja na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ambayo wengi wetu tunaisikia tu siku tumeitwa ofisi ya leba.

Hatua ya 1: Jiulize kwanza kama kweli ni majaribio

Majaribio ni ya mtu unayetaka abaki. Unamwangalia kama kazi ataiweza, na yeye anakuangalia wewe. Sasa ukimchukua weita Disemba na huku moyoni unajua mvua za masika zikianza utafunga nusu ya vyumba, huyo hukumweka kwa majaribio, huyo ni mtu wa msimu, mwambie hivyo hivyo. Mwandikie mkataba wa msimu wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, mfano 10 Disemba mpaka 15 Aprili, siku ikifika mkataba umeisha, hakuna aliyeshindwa na hakuna aliyefukuzwa, na Julai wageni wakirudi unampigia simu anakuja na moyo mweupe. Lakini ukimwambia "umefeli majaribio" na kilichoisha ni wageni, umemharibia jina bure, na hapa kwetu jina la mtu hufika Mokowe, ng'ambo bara, kabla mwenyewe hajapanda boti. Hili nalisema kwa uchungu manake nalishuhudia kila mwaka mwezi wa nne na wa tano, vijana wazuri wanapewa barua za kufeli kazi walizokuwa wakizifanya vizuri.

Halafu kuna vibarua, wale wa kupigiwa simu leo na kesho na keshokutwa wakalipwa jioni. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya siku za mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja, kazi yake inageuka kuwa ya mwezi, na notisi yake ni ya siku 28. Kwa hivyo huwezi kumweka mtu kibarua miezi minne halafu ndo umwambie sasa majaribio yako yanaanza. Majaribio yanaanza siku ya kwanza ya kazi.

Muda wenyewe uko kifungu cha 42: usizidi miezi 6, na unaweza kuongezwa mpaka miezi 6 mingine kama mfanyakazi mwenyewe amekubali. Jumla mwaka, hakuna zaidi. Mimi hauskiping na weita naweka miezi 3. Mpishi naweka 6, kwa sababu mpishi humjui mpaka umuone siku jikoni kumejaa na umuone pia siku kusi imevuma bahari imechafuka, soko la samaki halina kitu na mgeni mmoja aliyepo anataka kamba. Risepsheni miezi 4 inatosha. Kama hoteli yako iko kwenye mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, soma mle kwanza wameandika nini, usiende na muda wa kichwani.

Hatua ya 2: Andika unachotaka kabla mtu hajafika

"Awe mchangamfu", "awe na bidii", hivyo si vipimo, hivyo ni dua. Chukua karatasi uandike mambo manne au matano ambayo hata mtu mwingine akija anaweza kuangalia akasema yamefanyika au hayakufanyika. Mimi kwa hauskiping yangu ni haya: kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza chumba kimoja anakimaliza kwa dakika 45, hesabu ya shuka na taulo inakubaliana na daftari kila Jumamosi, habishi hodi mara moja akaingia, anabisha, anangoja, anabisha tena, kitu cha mgeni kilichosahaulika kinafika risepsheni siku hiyo hiyo, na saa moja asubuhi yuko kazini. Basi. Vipimo kumi na tano hakuna atakayevikumbuka, hata wewe.

Karatasi hiyo anapewa siku ya usaili, kabla hajasema ndio. Kuna binti mmoja aliisoma akanambia saa moja asubuhi hawezi, ana mtoto wa kupeleka chuoni (madrasa) kwanza, tukakubaliana saa mbili kasoro na akatoka jioni baadaye. Ingekuwa hatukusema mapema ningemwandika mchelewaji miezi mitatu.

Hatua ya 3: Karatasi, na hapa usifanye uvivu

Kazi yoyote ya miezi 3 au zaidi lazima mkataba wake uandikwe, na anayetakiwa kuuandika ni wewe mwajiri. Usipouandika na mkaja kubishana mbele ya hakimu, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa juu yako, hivyo kusema "tulikubaliana kwa mdomo" hakukusaidii wewe, kunamsaidia yeye. Mtu anatia saini au dole gumba. Na kama hasomi au hiyo lugha haijui, sheria inakutaka umuelezee kwa lugha anayoielewa. Mikataba mingi hapa inachukuliwa mtandaoni iko kwa Kiingereza kizito, anapewa mzee wa bustani atie saini, hata neno moja hakulielewa. Mimi siku hizi naandika Kiswahili kitupu na hakuna sheria niliyovunja.

Sehemu ya majaribio ndani ya mkataba naiandika hivi:

"Utakuwa kwenye kipindi cha majaribio kuanzia tarehe 1 Agosti mpaka tarehe 31 Oktoba. Tutakaa kuzungumza juu ya kazi yako mwisho wa wiki ya pili, mwisho wa mwezi wa kwanza na mwisho wa mwezi wa pili. Kipindi hiki kinaweza kuongezwa ukikubali kwa maandishi. Katika kipindi hiki wewe au sisi tunaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7, au sisi kukulipa mshahara wa siku 7 badala ya notisi."

Zile siku 7 ni za sheria, huwezi kuandika chini ya hapo. Na tarehe weka tarehe kamili, usiandike "miezi mitatu" ukaacha, manake miezi mitatu kutoka lini? Siku aliyokuja kujaribu? Siku aliyosaini?

Mshahara. Kuna tabia mbaya ya "njoo ufanye wiki mbili tukuone halafu ndo tutazungumza mshahara". Amefanya kazi, mlipe. Kima cha chini cha mshahara hakingoji mtu athibitishwe. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba pia ni haki yake tangu wiki ya kwanza, hata kama ni wiki ya krismasi na wageni wamejaa mpaka darini.

Makato nayo yanaanza mwezi wa kwanza, si baada ya kuthibitishwa kama wengi wanavyodhani. NSSF, ile akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 yake na asilimia 6 yako mpaka kiwango cha juu kilichowekwa, SHA, ile bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara wake na isipungue shilingi 300, ile tozo ya nyumba za serikali ni asilimia 1.5 yake na 1.5 yako, zote zisipite tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo siku ya kusaini mwambie aje na kitambulisho, namba ya kodi ya KRA, ya NSSF na ya SHA, na kama atagusa chakula aje na cheti cha afya, hicho hudumu miezi 6 kisha kinapimwa upya. Na bima ya ajali kazini mwingize tangu siku ya kwanza, mtu mpya ndiye anayeteleza kwenye ngazi zetu hizi za mawe, wa zamani anazijua.

Piga kopi mbili, moja yake. Mpe mkononi, usimwambie "iko ofisini ukiitaka utaiona".

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza ni ya kuonyeshwa

Siku ya kwanza namchukua chumba kimoja tu, kile cha juu, tunakifanya pamoja mwanzo mpaka mwisho. Namuonyesha shuka inavyokunjwa kwenye kona. Chandarua mchana kinafungwa fundo moja juu ya kitanda, na jioni kabla ya magharibi kinateremshwa na kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne, mbu wakishaingia huwezi tena kuwatoa na mgeni atalala akijipiga makofi. Mchanga ndo kazi yenyewe. Mgeni anatoka ufuoni na mchanga miguuni, ukifagia kavu tu unabaki kwenye mianya ya sakafu, kwa hivyo unafagia, unapitisha kitambaa kibichi, unangoja kukauke, halafu unapitisha kiganja chako cha mkono juu ya sakafu. Kiganja kikitoka kitupu, chumba kimeisha. Mara ya pili anafanya yeye na mimi nimesimama mlangoni sisemi kitu mpaka amalize. Mara ya tatu anafanya peke yake mimi nakuja kuweka kiganja.

Hiyo asubuhi moja imeniokolea miezi ya ugomvi. Kabla ya hapo nilikuwa nalalamika mtu hajui kusafisha na kumbe anasafisha vile mamake alivyomfunza, ambavyo si vibaya, ila si vya gesti.

Mpe pia mwenyeji, mfanyakazi mmoja wa zamani wa kumuuliza maswali madogo madogo anayoona haya kukuuliza wewe, mfano chai tunakunywa saa ngapi, mgeni akinipa zawadi naipeleka wapi, nikitaka kusali laasiri namwambia nani. Chagua mtu mwenye subira, si yule hodari kuliko wote, mara nyingi hodari hana subira. Na huyo mwenyeji mpe kitu cha shukrani mwisho wa mwezi, amefanya kazi ya kufunza juu ya kazi yake.

Hatua ya 5: Daftari

Nunua daftari moja la jalada gumu, ukurasa kwa kila mtu mpya. Naandika mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, mistari mitatu minne: tarehe, kilichotokea, nilichomwambia, alichonijibu. Mazuri na mabaya. Mfano:

"Agosti 6. Amechelewa dakika 40, boti ya Lamu kwenda Shela ilingoja abiria ijae. Nimemwambia apande ya kwanza. Amekubali."

"Agosti 14. Mgeni wa chumba 3 amesahau saa yake chini ya mto, ameileta risepsheni kabla mgeni hajajua imepotea. Nimemshukuru mbele ya wenzake."

Usiandike "mvivu", "ana kiburi", "simwelewi huyu". Hayo ni ya moyoni mwako na kesho utaaibika akiyasoma. Na ayasome, ni haki yake, ukurasa wake namuonyesha kila tukikaa kuzungumza.

Kitu kingine, usimkemee mtu mpya kwenye grupu ya WhatsApp ya kazini. Nimeona mameneja wanapiga picha choo hakijasafishwa wanaituma watu ishirini waione, halafu wanashangaa kijana hakurudi Jumatatu. Kosa ni la faraghani, pongezi ndo ya hadharani.

Hatua ya 6: Mazungumzo matatu

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaisaidia hii. Wiki ya pili, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Zile tarehe ulizoandika kwenye mkataba. Usiahirishe kwa sababu kuna wageni, wageni wapo kila siku, nusu saa inapatikana.

Tunakaa juu barazani baada ya kazi ya asubuhi, yeye chai yake mimi yangu, daftari liko kati yetu na ile karatasi ya mambo matano. Naanza na yeye: kazi unaionaje, nini kigumu, nani anakusaidia na nani hakusaidii. Wengi mara ya kwanza watakwambia "iko sawa tu dada, alhamdulillahi", hiyo ni adabu, si jibu. Usiikubali ukaendelea. Uliza kitu cha mkono, "ile hesabu ya taulo Jumamosi unaifanyaje hebu nambie", hapo atafunguka.

Binti mmoja nilimuuliza hivyo mwezi wa kwanza, hesabu yake ya taulo ilikuwa inapungua kila wiki nami nishaanza kuingiwa na shaka mbaya juu yake, Mungu anisamehe. Akanambia, "Dada, mimi nahesabu zilizo kabatini. Zilizo kwa dobi nihesabu vipi na sizioni?" Hakuna aliyemwambia kwamba dobi ana kijitabu chake na namba ziko mle. Dakika tano tukamaliza. Ningenyamaza mpaka mwezi wa tatu ningemtoa kwa wizi ambao haukuwepo.

Baada ya yeye kusema nasema mimi. Kila jambo kwenye ile karatasi, moja moja: hili umelishika, hili bado. Likiwa bado namwambia waziwazi bado ni nini, namuonyesha tena, namwambia tutaangalia tena tarehe fulani. Usizunguke. Sisi watu wa pwani tuna mtindo wa kumwambia mtu jambo zito kwa fumbo, "nyumba ya jirani vyandarua vyao vinapendeza eh", ukidhani amekuelewa. Hakukuelewa. Adabu iweke kwenye sauti na kwenye mahali ulipochagua kumwambia, maneno yenyewe yawe meupe: "Mwanangu, vyandarua vya vyumba vitatu wiki hii havikuchomekwa. Nataka vichomekwe vyote kila siku kabla ya magharibi. Kuna kinachokuzuia?" Na kama amekuzidi umri, nimewahi kuajiri mpishi mtu mzima wa umri wa mamangu, anza na "Mama, niwie radhi, hili ni la kazi," halafu sema lile lile, usilipunguze.

Mwisho naandika mistari mitano tulichokubaliana, anasaini, nasaini. Kama kuna hatari asithibitishwe, mazungumzo ya mwezi wa pili ndo siku ya kulitamka hilo neno: "Mambo mawili haya yakibaki hivi mpaka tarehe 31, sitaweza kukuthibitisha." Ni zito kulisema lakini bado amebakiwa na mwezi mzima wa kulirekebisha.

Hatua ya 7: Mambo yakienda kombo katikati

Kitu kimeharibika. Kijana wangu mmoja wiki ya tatu aliwasha pampu ya maji akasahau, tangi la juu likafurika, maji yakashuka ngazini mpaka chumba cha wageni, godoro likaloa. Wenzake wakanambia nimkate mshahara. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale mtu ameharibu mali kwa makusudi, na kusahau pampu si makusudi. Sikumkata. Nikaandika daftarini, na nikabandika karatasi pembeni ya swichi, "Umewasha? Weka alamu ya simu dakika 20." Kumbe hata wa zamani walikuwa wakisahau, ila tangi lilikuwa halijajaa.

Ugonjwa. Akishafanya miezi 2 mfululizo ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari, majaribio au si majaribio. Akiugua wiki mbili usimhesabie ameshindwa, kaa naye mkubaliane kuongeza wiki mbili za majaribio.

Ramadhani. Miaka hii inaangukia Februari na Machi, wageni bado wapo. Ukimpima mtu aliyefunga kwa kasi yake ya saa tisa alasiri umemdhulumu. Sogeza shifti, kazi nzito zifanywe asubuhi, na hicho kipimo cha dakika 45 kipime asubuhi.

Mimba, dini, kabila, hali ya HIV, ulemavu, kujiunga na chama: hakuna hata kimoja ambacho ni sababu ya kumwachisha mtu, na kipindi cha majaribio si mlango wa nyuma wa kupitishia hayo.

Wizi au matusi kwa mgeni, hilo halingoji tarehe za mazungumzo. Mwite siku hiyo, mpe nafasi aeleze, andika.

Hatua ya 8: Wiki mbili kabla ya tarehe, uwe umeamua

Weka alamu. Tarehe ikipita na mtu bado anakuja kazini na hujampa barua yoyote, umejitia kwenye mabishano, yeye atasema kimya chako ni kumthibitisha na utapata tabu kumkatalia. Njia ni tatu tu.

Kumthibitisha: barua fupi, "Kuanzia tarehe 1 Novemba umethibitishwa kazini kama mhudumu wa vyumba. Notisi yako sasa ni mwezi mmoja. Tunakushukuru kwa kazi ya miezi hii mitatu, hasa namna ulivyoishika hesabu ya shuka na taulo." Hilo neno "hasa" usiliache. Mtu ataiweka hiyo barua miaka.

Kumwongezea: inaruhusiwa lakini akubali, asaini kabla ya tarehe ya zamani haijapita, na barua iseme kinachongojwa ni nini hasa na tarehe mpya ni ipi. Kuongeza kwa sababu wewe hujaamua si sababu. Mimi naongeza mara moja tu, wiki nne mpaka nane, na nimeona mara nyingi mtu aliyeambiwa waziwazi kilichobaki anakimaliza.

Kumwachisha, hatua inayofuata.

Hatua ya 9: Kumwachisha kwa haki

Kifungu cha 42 chenyewe kilisema mtu wa majaribio hahitaji kusikilizwa kwanza kama wengine kabla ya kuachishwa, na waajiri wengi bado wanaenda na hilo. Lakini mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya kazi Nairobi walisema kipengele hicho kinapingana na katiba, mtu wa majaribio naye ana haki ya kuambiwa sababu na kusikilizwa. Kwa hivyo usijitafutie kesi, na hata bila kesi ni uungwana tu. Ofisi ya leba ipo, mahakama ya kazi inakaa mpaka Malindi, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Fanya hivi. Mpe barua ya kumuita, siku mbili tatu mbele, iseme mtazungumza nini na kwamba anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake anayemtaka. Siku hiyo kaeni, fungua daftari, eleza kwa Kiswahili, muache aseme, na msikilize kweli kweli, mara moja nilibadilisha uamuzi hapo hapo mezani. Kama uamuzi umebaki ule ule mpe barua siku inayofuata, yenye sababu, notisi ya siku 7 au malipo yake.

Malipo ya mwisho: siku alizofanya, zile siku 7 kama hutaki azifanye, na likizo aliyoichuma, mtu aliyefanya miezi 2 au zaidi ana siku 1.75 kwa kila mwezi, kwa hivyo miezi mitatu ni siku 5 na robo. Akiwa amefanya wiki nne au zaidi lazima umpe cheti cha utumishi: jina lako na anwani, jina lake, kazi gani na wapi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha. Sheria haikulazimishi kuandika tabia yake mle, na mimi siandiki kama sina zuri la kusema. Mlipe siku hiyo hiyo, usimwambie arudi Ijumaa, akirudi mara tatu kudai elfu nne zake hiyo hadithi ndo itakayokaa mjini.

Na chagua saa. Usimwite saa sita mchana akatoka na mfuko wake wenzake wote wako barazani wanakula. Mimi nafanya asubuhi mapema au baada ya wote kuondoka, namsindikiza mpaka mlangoni. Kama namjua mahali wanapotafuta mtu wa kazi anayoiweza namwambia. Yule mpishi mtu mzima hakuweza mapishi ya wageni lakini mkate wake wa mofa ulikuwa hauna mfano, nikamtaja kwa wenye mkahawa mmoja mjini, yuko huko mpaka leo na mkate wa gesti nanunua kwake.

Hatua ya 10: Faili

Mkataba, karatasi za mazungumzo, barua, kopi ya cheti, vyote faili moja kwa mtu mmoja. Maelezo ya ajira unatakiwa uyahifadhi miaka 5 baada ya mtu kuondoka. Na hapa kwetu usiweke faili kwenye shubaka la ukuta, mawe ya matumbawe yanatoa chumvi na unyevu, nilifungua faili la miaka miwili nikakuta saini zimeyeyuka zimekuwa madoa ya buluu. Tia kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, weka kwenye sanduku la bati juu ya meza, mbali na ukuta, na kila ukurasa upige picha kwa simu siku ile ile uliosainiwa.